Gari si Soketi: Hesabu ya Betri za Drili Saiti

Likizo iliyopita nilikwenda kumsaidia mjomba wangu, fundi wa kupaua, kwenye saiti moja porini upande wa Urambo. Kazi ilikuwa kuezeka madarasa mawili kabla mvua za Novemba hazijaanza. Umeme hakuna. Mjomba siku hizi ana drili ya betri, na betri zake tatu huzichaji kwenye pikapu kwa inveta. Siku ya pili tulizichaji zote kutwa nzima, injini imezimwa ili kubana mafuta. Jioni tukapakia vifaa, mjomba akazungusha ufunguo. Gari likalia "tik, tik", likanyamaza.

Tukalala palepale. Usiku mvua ya kwanza ikashuka, darasa moja nusu yake halina bati, na mifuko minne ya saruji ikaloa. Ile saruji ilikatwa kwenye malipo ya mjomba. Asubuhi, tukisubiri gari la kupita litubusti, akaniuliza, "Mjomba, si wewe unayesomea ualimu wa fizikia? Gari langu limeuliwa na nini?" Nikabaki natumbua macho. Kanuni za umeme ninazo tangu sekondari, ila jibu sikuwa nalo. Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Tuanze na hesabu. Betri ya drili huandikwa volti na ampia-saa. Za mjomba ni volti 18, ampia-saa 4. Zidisha, unapata wati-saa 72: hiyo ndiyo nishati inayobebwa na betri moja ikijaa. Lakini kuijaza kutoka kwenye gari kuna mzunguko. Inveta inapandisha volti 12 za gari kuwa 230 kama za ukutani, halafu chaja inazishusha tena. Kila hatua sehemu ya nishati inapotea kuwa joto, ndiyo maana inveta ukiishika ina moto. Kwa makadirio, betri ya wati-saa 72 itakula kama 100 za gari. Betri tatu, 300.

Betri ya gari ya volti 12, ampia-saa 60, ikiwa mpya ina wati-saa 720. Utasema, mbona zinabaki 420? Hapo ndipo mtego ulipo. Betri hii imetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache tu, kisha ijazwe tena. Stata inapoamka inadai ampia zaidi ya mia kwa mpigo. Betri iliyoshuka karibu na nusu, tena imezeeka, volti zake zinaporomoka pale pale, nawe unasikia ile "tik". Ya mjomba ilikuwa na miaka minne, na juu ya zile 300 tulichaji simu za vijana wote na redio ilipiga kutwa. Ukiinyonya hivyo mara kwa mara, unaiua kabisa.

Sasa ufanyeje? Chaji injini ikiwa inanguruma, ili oltaneta ndiyo ilishe inveta. Wakati mzuri zaidi ni safarini. Tabora mjini hadi Urambo ni kama kilomita 90. Kwa chaja ya kawaida, unafika betri moja imejaa, na mafuta ungeyachoma hata hivyo.

Chunga pia tundu la kuwashia sigara. Kama fyuzi yake ni ya ampia 10, kwa volti 12 hiyo ni wati 120 tu. Chaja ndogo itapita, ila ile ya haraka inayokula wati 200 na zaidi itaunguza fyuzi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi kwa ujanja, maana kitakachoungua safari hiyo ni waya. Inveta kubwa ifungwe moja kwa moja kwenye betri, kwa waya mnene na mfupi, wenye fyuzi yake.

Mwisho, joto. Betri za lithiamu hazipendi kuchajiwa zikiwa za moto, na chaja nyingi hugoma hadi zipoe. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, Oktoba ya Tabora, si mahali pake. Iweke kivulini kwanza.

Kwetu Unyamwezi kujipanga kabla ya safari si jambo geni. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa, ikajaza chakula na kutafuta wapagazi, ndipo ikaendelea. Livingstone mwenyewe mwaka 1872 alikaa Kwihara, jirani na Tabora, tangu Februari hadi Agosti, akisubiri wapagazi na vifaa. Aliyeondoka bila kuhesabu, pori lilimhesabia.

Mjomba sasa anachaji betri mbili nyumbani usiku, ya tatu njiani. Ndani ya mlango wa pikapu kaandika kwa rangi: "72 = 100". Mwalimu wa hesabu atamkosoa, lakini mimi nikienda field, somo la umeme nitalianzia kwenye mlango ule.