Kinu cha Upepo na Kazi ya Kuinua Maji

Kinu cha upepo ni mtambo unaotumia mwendo wa hewa kufanya kazi. Ingawa jina lake limetokana na kusaga nafaka, vinu vingi duniani vilijengwa kwa ajili ya kuinua maji. Mkazi wa Kinyangiri, mkoani Singida, ambako katika kiangazi maji hutafutwa chini ya ardhi, huenda akastaajabu kusikia kwamba Waholanzi walijenga vinu ili kuyaondoa maji mashambani. Hata hivyo, kanuni inayotawala kazi hizo mbili ni moja.

Karibu robo ya nchi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Wakulima walizingira maziwa kwa matuta, kisha wakayakausha kwa vinu. Ziwa la Beemster lilikaushwa hivyo mwaka 1612. Huko Kinderdijk vingali vimesimama vinu 19, vingi vyavyo vilijengwa kati ya mwaka 1738 na 1740. Mwaka 1997 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Kinu cha namna hiyo kina mapanga manne ya mbao, ambayo hutandikwa turubai mfano wa tanga la jahazi. Mapanga huzungusha mhimili uliolala; magurudumu ya meno huupeleka mzunguko huo kwenye mhimili uliosimama, na kutoka hapo hadi kwenye gurudumu la makasia lililo chini. Gurudumu hilo huyasukuma maji kutoka mfereji wa chini hadi mfereji wa juu.

Tuchukue mfano. Kuinua lita 1,000 za maji kwa mita 1.5 kunahitaji kazi ya jouli 14,700, yaani kilo 1,000 mara 9.8 mara 1.5. Kazi hiyohiyo, ikitumiwa kwenye kisima cha mita 30, huinua lita 50 tu. Kwa hiyo kinu cha Uholanzi huinua maji mengi kwa kimo kidogo, na kinu cha nchi kavu huinua maji machache kutoka kina kirefu.

Kinyangiri iko wilayani Mkalama, katika ukanda mkavu wa kati wa Tanzania, wenye msimu mmoja wa mvua. Jambo la heri ni kwamba upepo huvuma kwa nguvu katika miezi ya kiangazi, wakati maji yanapohitajiwa zaidi. Huko Kititimo, karibu na mji wa Singida, vipimo vilivyochukuliwa kwenye kimo cha mita 30 vilionyesha wastani wa mwendo wa karibu mita 9.9 kwa sekunde. Ikumbukwe kwamba mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane.

Kinu kinachofaa kwa kisima kirefu huwa na mapanga mengi ya bati, ili kiweze kuanza kuzunguka hata katika upepo hafifu. Mkia wake hukielekeza upande unakotoka upepo. Mzunguko wa mapanga hugeuzwa kuwa mwendo wa kupanda na kushuka, nao huvuta fito ndefu iliyoshikana na pistoni ndani ya bomba. Pistoni inapopanda huinua maji. Inaposhuka, vali yake hufunguka na maji hupita juu yake.

Mtambo huu hauhitaji dizeli, lakini unahitaji mtu anayeufahamu. Waholanzi walilitambua jambo hilo baada ya mvuke, dizeli na umeme kuchukua nafasi ya upepo. Kinu kilichotengenezwa upya kisha kikaachwa bila kuzunguka huharibika tena: mbao huoza na wadudu huzitafuna. Kwa sababu hiyo, mwaka 1972 waliunda chama cha waendesha vinu wa kujitolea, na mwaka 2017 UNESCO iliutambua ufundi wao kuwa urithi wa binadamu.

Funzo hilo linatuhusu sisi pia. Kisima chaweza kuwa na maji, na upepo ukavuma usiku na mchana. Lakini ngozi ya pistoni ikichakaa na kijijini asipatikane wa kuibadili, akina mama watarudi kubeba ndoo kutoka mbali. Fundi wa kijiji ni sehemu ya mtambo, naye hana budi kuandaliwa kabla mnara haujasimamishwa.