Wimbo wa mwenzako, jina lake liko wapi?

Katika korali zetu za Likasi swali hili halikomi, hasa vijana wanapotaka kurekodi: je, ni halali kuuchukua wimbo wa mtu mwingine na kuupiga kwa namna yetu?

Marekani wanamuziki wana desturi ya albamu ya heshima. Kila mmoja anachagua wimbo wa mzee fulani, anauimba kwa sauti na vyombo vyake, na jina la mzee linaandikwa juu ya jalada. Mwaka 1997 Bob Dylan alisimamia albamu ya namna hiyo kwa ajili ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933.

Huku Afrika Rodgers alikuwa amekwisha kuheshimiwa kwa njia nyingine. Mwaka 1950, huko Kapkatet nchini Kenya, mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba, kwa kinubi chao, wimbo uitwao Chemirocha. Ni jina la Jimmie Rodgers lililopita katika ulimi wao, na katika wimbo huo amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa! Muziki wake haukubaki, jina likabaki. Kwa kawaida mambo huenda kinyume.

Miaka miwili baadaye Tracey alikuwa Jadotville, ndiyo Likasi yetu. Hapa alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, pale pale alipofika mmisionari Frederick Arnot mwaka 1886. Wimbo wake Masanga ulipigwa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, lakini ukiusikiliza unadhani wapigaji ni wawili. Diski zake zilienea Afrika ya Mashariki, naye akaishi Nairobi kwa muda, ambako wapiga gitaa wengi walimwiga. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani, mwaka uleule walipopiga Johnny Cash na Joni Mitchell.

Na Bosco mwenyewe alikuwa amechota kwa wengine: muziki wa Kuba, filamu za kauboi, ngoma za kwao. Kwa hiyo tusiwakataze vijana kuazima. Tungewakataza, ingetubidi tufunge pia vitabu vyetu vya nyimbo, maana nyingi humo zilitungwa Uingereza na Marekani kabla hazijasema Kiswahili.

Tofauti iko katika jina. Mwingereza John Low alikuja Katanga akakaa na Bosco ili ajifunze mkono wake, na kitabu alichokitoa mwaka 1982 kinasema wazi alijifunza kwa nani. Linganisha na Malaika. Miriam Makeba aliuimba, Boney M. wakaurekodi, dunia nzima ikaujua, lakini ubishi kama mtunzi ni Fadhili William au Adam Salim umewafuata mpaka kaburini. Mtu anaweza kusikia wimbo wake redioni kila siku na asipate hata senti.

Hilo linatuhusu. Mtunzi wa wimbo unaopendwa katika korali yako huenda yuko Panda au Kambove, mzee asiye na pensheni, na hajui kwamba wimbo wake unauzwa kwenye kadi za simu sokoni. Kabla ya kurekodi, mwende kumwona. Kama amefariki, iko familia. Mpatane juu ya faranga mapema, kabla ya mtu yeyote kulipa studio, na mwandike mapatano hayo. Kwa haki za watunzi nchini iko SOCODA. Kubadilisha mwendo, kuongeza gitaa, kuutia wimbo katika Kibemba au Kisanga, hayo mnaweza kuyazungumza naye palepale. Wazee wengi hufurahi kusikia wimbo wao umevaa nguo mpya.

Kisha kuna jambo dogo tunalolisahau. Zamani jina lilikuwa juu ya diski. Siku hizi wimbo unapita kutoka simu hadi simu bila jalada, mara nyingi umeitwa namba tu. Basi jina la mtunzi liandikwe katika jina la faili lenyewe, mbele ya jina la korali.