Nafasi si Utambulisho: Funzo kutoka Jedwali Pepe

Wanafunzi wetu wengi wanaoandika tasnifu za leksikografia siku hizi huhifadhi vidahizo vyao katika kompyuta. Makala haya mafupi yanaeleza jambo dogo linaloweza kuharibu kazi ya muhula mzima, yaani namna ya kuitambulisha safumlalo katika jedwali pepe.

Tuanze na istilahi. SQLite ni hifadhidata iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na Richard Hipp. Haihitaji seva, bali huishi ndani ya programu inayoitumia, hata katika simu za Android. Katika jedwali lake la kawaida, kila safumlalo ina nambari iitwayo rowid. Jedwali pepe ni tofauti kwa sababu data zake zinaweza kuwa nje, kwa mfano katika faili la CSV. Mtunzi wa jedwali huandika vipande vya programu ambavyo SQLite huviita inaposoma. Kimojawapo, xRowid, hujibu swali: "Safumlalo hii ni nambari ngapi?" SQLite huliamini jibu hilo bila kulihakiki.

Hapo ndipo darasa langu lilipokwama. Tulitumia kiendelezi cha CSV kinachopatikana pamoja na msimbo chanzo wa SQLite. Kiendelezi hicho huhesabu safumlalo kutoka juu kwenda chini, na hesabu hiyo ndiyo huwa rowid. Wanafunzi waliandika maoni yao katika jedwali jingine wakitaja nambari hizo. Siku moja tuliingiza kidahizo "andazi" kati ya "andaa" na "andika", na kila neno lililofuata likasogea hatua moja. Maelezo ya mnyambuliko "andikia, andikisha, andikwa" yakajikuta chini ya andazi! Kompyuta haikutoa onyo lolote, maana kwayo hapakuwa na kosa.

Kosa letu lilikuwa kuchanganya nafasi na utambulisho. Mwanafunzi aliyekuwa wa tatu katika mtihani anaweza kuwa wa kumi muhula ujao, lakini nambari yake ya usajili haibadiliki.

Madhara huzidi pale jedwali pepe linaporuhusu kuandika. SQLite inapofuta au kubadilisha safumlalo, hutumia rowid ileile kuonyesha iliyokusudiwa. Nambari ikiwa imehama, neno jingine ndilo litakalofutwa.

Nini kifanyike? Kwanza, kila kidahizo kipewe nambari ya kudumu ndani ya faili lenyewe, na kikifutwa, nambari yake isipewe kingine. Pili, anayetumia kiendelezi cha CSV aunganishe majedwali kwa safuwima hiyo, si kwa rowid. Tatu, anayejitungia jedwali pepe ahakikishe xRowid inarudisha nambari hiyo ya kudumu. Kama utambulisho wake si nambari, tangu toleo 3.14 la mwaka 2016 anaweza kutangaza jedwali lisilo na rowid, mradi ataje ufunguo wa msingi.

Sisi tulirudia kuoanisha maoni yote kwa mkono. Wenzetu mnaoanza sasa, wekeni nambari kabla ya neno la kwanza.