Brashi, wino na barua ya babu: Khati ya Kichina inatufunza nini?

FISKSÄTRA, STOCKHOLM – Ndani ya kabati la nyumba moja hapa Fisksätra imo barua ya zamani iliyotoka Zanzibar. Imeandikwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, na wino wake umeanza kufifia. Mmoja wetu aliachiwa na babu yake. Watoto wa nyumba hiyo wanazungumza Kiswahili na Kiswidi, lakini si wao wala wazazi wao wanaoweza kuisoma. Barua ni ya kwao na lugha ni ya kwao, ila mwandiko umewapotea.

Tuliikumbuka barua hiyo tulipokuwa tukifuatilia habari za khati ya Kichina, sanaa ya kuandika kwa brashi ambayo wenyewe wanaiita shufa. Mwaka 2009 Shirika la UNESCO liliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Tumeona tuwaletee wasomaji wetu historia yake kwa ufupi, kwa sababu ndani yake limo funzo linalotuhusu sisi tunaolea watoto ugenini.

Pengine utasema, mambo ya Wachina yanahusu nini mtaa kama huu wa manispaa ya Nacka, wenye majengo ya ghorofa ya miaka ya 1970 na wakazi wa mataifa mengi? Ukweli ni kwamba Stockholm ina historia ndefu na maandishi hayo. Jumba la makumbusho la Asia Mashariki lilianzishwa hapa mwaka 1926, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Johan Gunnar Andersson, mtaalamu wa miamba aliyefanya uchimbuzi mkubwa China. Bernhard Karlgren, aliyemfuata mwaka 1939, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi maneno ya Kichina yalivyotamkwa zamani. Mwaka 1989 Cecilia Lindqvist alitoa kitabu kuhusu asili ya herufi hizo, Tecknens rike, kikapata tuzo ya August. Hao wote ni Waswidi, na mwandiko waliouhangaikia haukuwa wa babu zao.

Kutoka mifupa hadi karatasi

Maandishi ya kale ya Kichina yaliyopatikana kwa wingi ni yale yaliyochongwa kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe, kiasi cha mwaka 1200 kabla ya kuzaliwa Kristo, zama za ufalme wa Shang. Wafalme walitaka kujua habari za mvua, mavuno na vita. Waganga walitia moto mfupa, wakasoma nyufa zake, kisha wakaandika swali palepale juu ya mfupa.

Mwaka 221 kabla ya Kristo, Qin Shi Huang aliziunganisha dola zilizokuwa zikipigana, na waziri wake Li Si akasimamia kazi ya kuufanya mwandiko uwe mmoja nchi nzima. Mwandiko huo ulikuwa mzuri lakini wa taratibu. Makarani wenye kazi nyingi wakaunyoosha na kuurahisisha, na huo ndio uliotawala zama za Han. Baadaye ukaja mwandiko sanifu unaofundishwa shuleni hadi leo, pamoja na mwandiko wa mwendo na ule wa kasi, ambao hata Mchina msomi huenda asiusome kwa urahisi.

Bwana mkubwa wa sanaa hii ni Wang Xizhi, aliyeishi karne ya 4. Mwaka 353 alikaa na wenzake kando ya kijito mahali paitwapo Lanting, wakinywa na kutunga mashairi, naye akaandika utangulizi wa mashairi hayo. Ni maneno 324 tu. Neno dogo "zhi" linatokea mara 20, na inasemwa kila mara amelichora kwa sura tofauti. Maandishi yenyewe hayapo tena. Simulizi zinasema mfalme Taizong wa Tang, aliyefariki mwaka 649, aliyapenda mno hata akazikwa nayo. Tulichonacho leo ni nakala za waliomwiga.

Yupo pia Yan Zhenqing. Mwaka 758 aliandika rasimu ya maombolezo ya mpwa wake aliyeuawa katika uasi. Karatasi hiyo imejaa maneno yaliyokatwa, wino unakauka katikati ya mstari, na mkono unazidi kwenda mbio. Kwa macho ya mwalimu wa shule ni daftari chafu. Kwa Wachina ni miongoni mwa maandishi matukufu kabisa, maana huzuni ya mwandishi inaonekana ndani ya mstari.

Msomaji wa Bukoba au Kampala atampenda zaidi mtawa Huaisu wa karne ya 8. Inasimuliwa kwamba hakuwa na fedha za kununulia karatasi, akapanda migomba mingi na kujifunzia kuandika juu ya majani yake.

Mkono unavyofundishwa

Vifaa ni vinne: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino. Brashi hutengenezwa kwa manyoya ya mbuzi, sungura au wanyama wengine. Wino wa asili ni masizi yaliyochanganywa na gundi na kukaushwa kuwa mche. Karatasi inayosifiwa kuliko zote ni ya Xuan, kutoka jimbo la Anhui, ambayo hunyonya wino mara moja. Ukikosea hufuti.

Mwanafunzi hutia matone ya maji juu ya jiwe na kuusugua mche wa wino polepole. Kazi hiyo inamtuliza. Huketi wima, brashi ikiwa imesimama. Kwanza hupitisha brashi juu ya herufi zilizochapwa kwa rangi nyekundu, kisha huiga kazi za mabingwa kwa kuzitazama, na huenda akaiga kwa miaka kabla ya kuandika la kwake. Neno moja maarufu la kujifunzia ni "yong", yaani milele, kwa sababu ndani yake imo michoro minane ya msingi.

Lakini si lazima uwe na fedha. Katika bustani za Beijing wazee huamka asubuhi na brashi ndefu na ndoo ya maji, wakaandika juu ya sakafu ya mawe. Baada ya dakika chache maji yamekauka, nao wanaanza upya.

Hata wenyewe wana wasiwasi

Hata hivyo, Wachina nao wanaona hatari. Simu na kompyuta zimewafanya watu wachape matamshi tu na kuchagua herufi kwenye skrini. Wanao msemo kwamba mtu anashika kalamu na kusahau herufi. Mwaka 2013 shindano la imla kwenye televisheni ya taifa lilizua mjadala mkubwa, baada ya watu wazima wengi ukumbini kushindwa kuandika neno chura. Mwaka huohuo Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa kufundisha khati katika shule za msingi na sekondari. Hapa Uswidi nako, mwaka 2023 serikali ilitenga fedha za kununulia shule vitabu vya karatasi, baada ya miaka ya kuegemea skrini.

Na sisi je?

Waislamu wa China wana khati yao ya Kiarabu, iitwayo Sini, yenye mikunjo na unene unaotokana na mkono wa Kichina. Waliokubali herufi za wageni hawakulazimika kuutupa mkono wao. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki nao walifanya hivyo. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, India. Siyu, katika kisiwa cha Pate, mafundi walinakili misahafu yenye nakshi za rangi ambayo hadi leo wataalamu wanaistaajabia. Watoto wa vyuoni waliandika juu ya ubao kwa kalamu ya unyasi, wakaosha, wakaandika tena.

Shule na ofisi za wakoloni zikaleta herufi za Kilatini, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikazisanifu. Hatusemi lilikuwa kosa, kwani wengi wetu tusingesoma magazeti wala kuandika makala haya. Tunachosema ni kwamba kupata herufi mpya hakukuwa lazima kuwe ni kuzisahau za zamani. Mwacha asili ni mtumwa.

Kuhusu ile barua, tuliipiga picha na kumtumia mzee mmoja Unguja, naye akatusomea kwa simu. Hakukuwa na siri kubwa. Ni salamu, habari za mvua na karafuu, na deni la shilingi 12 ambalo babu aliomba lilipwe kabla ya Idi. Lakini watoto walikaa kimya kusikiliza, na mmoja akauliza jina la babu limeandikwa wapi. Tukamwonyesha. Akachukua karatasi akaliiga, mara tatu, vibaya, kisha mara ya nne ikawa afadhali.

Wasomaji wetu, wenye barua kama hizo kabatini, zipigeni picha leo na kuwatafuta wazee wanaozisoma wangali hai. Wenye watoto, wafuatilieni masomo ya lugha ya nyumbani ambayo shule za Uswidi hutoa kwa wanaotimiza masharti, na nyumbani tengeni robo saa ya kalamu na karatasi. Mzee wa Beijing anaandika kwa maji akijua yatakauka, na kesho anarudi. Sisi tuna wino. Tusishindwe na maji.