Springi Mbadala Katika Gari Lenye Saspensheni ya Kielektroniki: Mfano wa Ekerenyo

Ekerenyo, katika eneo la Nyamira Kaskazini, ni mahali pa vilima, mvua nyingi na udongo mwekundu. Majani chai, ndizi na abiria husafirishwa katika barabara ambazo baadhi zina lami na nyingine ni za murramu au udongo mtupu. Haishangazi, basi, kwamba mwenye gari jipya machoni pa jirani zake hushauriwa mapema kuwa springi zake ni "laini" na sharti zibadilishwe. Ushauri huo una msingi. Toyota Probox, gari ambalo limekuwa nguzo ya usafiri wa abiria katika Kisii na Nyamira, hutiwa springi nzito zaidi nyuma na likaendelea na kazi. Tatizo huanza pale ushauri uo huo unapohamishiwa gari ambalo springi na shoki zake huchunguzwa na kompyuta.

Magari ya namna hiyo si haba. Kanuni za uagizaji nchini Kenya haziruhusu gari lililotumika kuingia likiwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na mengi hutoka Japani, yakiwa na mitambo iliyokusudiwa barabara za huko. Kampuni ya Toyota ilianza kuuza saspensheni inayorekebishwa kielektroniki, kwa jina la TEMS, katika gari la Soarer mwaka 1983. Baadaye mtambo wa ukoo huo ulifika katika baadhi ya Prado. Land Rover Discovery 3 iliyozinduliwa mwaka 2004 ilikwenda mbali zaidi: matoleo yake mengi hayana springi za chuma hata kidogo, bali hukalia mifuko ya hewa.

Kabla ya kueleza yanayotokea springi zikibadilishwa, ni vyema kutua kidogo kwenye lugha, kwa sababu sehemu ya hasara hutokana nayo. Kiswahili kina neno springi, na kabla yake kilikuwa na kamani, neno lililotujia kupitia Kihindi na lenye unasaba na jina la Kiajemi la upinde. Kwa kile kinachotuliza mtikisiko, mafundi wa Kenya husema shoki, na wenzao wa Tanzania shokapu. Majina yapo, ila sifa ndizo zimechanganyika. Gari likirukaruka husemwa ni "laini", likigonga chini husemwa ni "laini", likilala upande kwenye kona pia ni "laini"; na tiba ya yote huwa "springi ngumu". Ilhali kuna ugumu wa aina mbili. Ukakamavu wa springi ni kiasi cha uzito kinachohitajika ili ibonyee sentimita moja. Utulizaji wa shoki ni nguvu inayopinga kasi ya kubonyea na kurudi. Springi hubeba, shoki haibebi, huzuia tu. Mtu aliyeuziwa springi ilhali shoki zake ndizo zilizokwisha amelipia dawa ya ugonjwa wa jirani.

Hesabu ndogo itasaidia. Ichukuliwe kwamba pembe moja ya gari ina uzito wa kilo 400 juu ya springi, nayo springi imebonyea sentimita 15. Bodi ikisukumwa na kuachwa, itapanda na kushuka karibu mara 1.3 kwa sekunde. Sasa iwekwe springi ya urefu uleule lakini yenye ukakamavu uliozidi kwa asilimia 44. Itabonyea takriban sentimita 10.4 tu, kwa hiyo bodi itainuka zaidi ya sentimita 4. Mwendo wa kupanda na kushuka nao utafika karibu mara 1.5 kwa sekunde. Ili mtikisiko utulie kwa uwiano ule wa awali, shoki inahitaji nguvu zaidi kwa asilimia 20. Katika gari la kawaida, fundi hodari hununua shoki zinazolingana na springi, na mambo yakaisha.

Katika gari la TEMS kuna mhusika wa tatu. Juu ya shoki hukaa mota ndogo inayozungusha ufito wa ndani na kubadilisha upana wa matundu ya kupitishia mafuta. Kompyuta hupokea habari za mwendo wa gari, usukani na breki, kisha huamua shoki ilegezwe au ikazwe. Uamuzi huo hutegemea majedwali yaliyoandikwa kiwandani kwa springi za kiwandani. Springi mpya haina namna ya kujitambulisha. Kompyuta itaendelea kulegeza shoki kwenye barabara iliyonyooka kana kwamba springi ni ileile, na gari litarukaruka kuliko lilivyokuwa kabla ya gharama. Dereva atasema springi ni mbovu, akarudi dukani kutafuta ngumu zaidi.

Magari mengine huongeza vihisi vya kimo. Kihisi ni kijikono kinachounganisha bodi na chuma kinachoshika gurudumu. Pembe yake huiambia kompyuta gari limeinuka au limelala kiasi gani. Bodi ikipanda zile sentimita 4, kihisi husoma kwamba gurudumu limening'inia, kana kwamba gari liko juu ya tuta wakati wote. Baadhi ya magari hutumia kihisi kimoja tu cha nyuma kuelekeza taa za mbele. Gari hilo likiinuliwa mbele na nyuma kwa pamoja, kompyuta hudhani ni nyuma peke yake iliyopanda, hivyo huinua miale ya taa, na anayekuja upande wa pili hupofushwa. Usiku wa ukungu kwenye kona za vilima vya Nyamira, hilo si jambo la kupuuzwa.

Mifuko ya hewa ina mkasa wake. Mfuko ukitoboka, kompresa hufanya kazi bila kupumzika hadi nayo iungue, na bei ya vipuri humfanya mwenye gari atamani springi za chuma. Kuhamia chuma kunawezekana, na seti kamili za kufanyia hivyo huuzwa. Hata hivyo, kompyuta huendelea kudai kimo, huwasha taa ya onyo, na katika baadhi ya magari humtaka dereva asizidi mwendo fulani. Seti nyingine huja na rizista ya kuidanganya kwamba shoki za kielektroniki bado zipo. Rizista hiyo huzima taa, haitulizi gurudumu. Afadhali mtambo uzimwe rasmi kwa mashine ya uchunguzi kuliko kukata nyaya na kufunika taa ya dashibodi kwa karatasi.

Kwa anayebeba mizigo siku za soko na kutembea bila mzigo siku zilizosalia, springi nzito humtumikia siku chache na kumtesa nyingine zote. Mifuko midogo ya hewa inayoingizwa ndani ya springi za nyuma, ikajazwa pampu mzigo unapopakiwa, humfaa zaidi, mradi uzito ulioruhusiwa na kiwanda usizidiwe. Hakuna springi inayoongeza uwezo wa breki.

Akiamua kubadilisha, kazi ifuate utaratibu. Kimo hupimwa kutoka kitovu cha kila gurudumu hadi ukingo wa bodi kabla ya kufungua nati yoyote. Mikono ya vihisi hufunguliwa kwanza, maana hukatika ekseli inaposhushwa. Mifuko ya hewa hutolewa upepo kupitia mashine. Springi hubanwa kwa kibanio chake, kamwe si kwa waya wa kufungia. Ile springi ya mfano wetu, ikiwa imebanwa sentimita 15, imehifadhi nishati sawa na ya jiwe la kilo 30 lililoanguka kutoka mita 1, na uso wa fundi huwa karibu. Springi hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Boliti za bushi za mpira hukazwa kikamilifu gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake, la sivyo bushi hukaa zimejipinda na kupasuka mapema. Kisha alaimenti, kisha kuifundisha kompyuta kimo kipya, au kurefusha mkono wa kihisi pale gari linaporuhusu, na mwisho taa kupimwa kwenye ukuta. Taa ya onyo ikiwaka tena baada ya safari chache za matope, cha kutazamwa kwanza ni mkono huo wa kihisi na plagi yake, kabla ya kulaumu springi.