Dhahabu Hupimwa, Haitazamwi

Barabara ya Uhuru, kuanzia Buguruni Sheli kupitia Karume hadi Kariakoo, haikosi kitu kinachong'aa. Cheni zinaning'inia kwenye mbao za machinga, hereni zimechomekwa kwenye sponji. Nyingi ni shaba au chuma kilichochovywa, na muuzaji hafichi. Anauza urembo wa sikukuu moja na bei yenyewe inasema hivyo. Huyo hana ubaya. Wa kumwogopa ni yule kijana anayekuvuta pembeni ya kituo cha daladala, eti ametoka machimboni Geita, kakwama nauli, na ana pete ya karati 24 anayoiachia kwa bei ya kutupa.

Pete ya karati 24 yenyewe inatia shaka. Dhahabu safi ni laini mno, hujipinda, ndiyo maana masonara huichanganya na shaba au fedha. Ya Kihindi aghalabu ni karati 22, muhuri wake 916, yaani sehemu 916 za dhahabu katika kila 1,000. Ya Kiarabu, kipenzi cha watu wa Pwani na Visiwani, ni 21, muhuri 875. Ya Kizungu mara nyingi ni 18, muhuri 750. Lakini muhuri ni madai tu. Hata bati hugongwa namba.

Ushahidi uko kwenye meza ya sonara. Ana jiwe jeusi linaloenea kiganjani. Kwanza anakwaruza pete kwa tupa mahali pasipoonekana, maana kitu kilichochovywa kwa unene kinaweza kudanganya. Halafu anaisugua juu ya jiwe hadi ibaki alama ya njano, na kando yake anasugua kipande ambacho karati yake anaijua. Anadondoshea tindikali. Alama ya shaba hutokota na kupotea pale pale. Ya karati ndogo hufifia. Ya dhahabu ya haki hubaki. Hayo yote hayamalizi dakika tano, na sonara anayekataa kuyafanya mbele yako ameshakujibu.

Nasisitiza kupima kwa sababu uswahilini dhahabu ni akiba kabla ya kuwa pambo. Mama akipokea zamu yake ya upatu, anakimbilia kwa sonara kabla fedha haijayeyuka mkononi. Ada ya shule ikibana, mkufu unarudi kule kule kuuzwa, au unawekwa rehani. Siku hiyo nakshi hazilipwi. Kinachohesabiwa ni uzito na karati: zidisha gramu kwa karati, gawanya kwa 24. Pete ya gramu 5 ya karati 18 ina gramu 3.75 za dhahabu safi. Ya karati 21 ina karibu gramu 4.4. Ujira wa fundi uliolipa umekwenda. Anayeweka akiba, kwa maoni yangu, anunue bangili isiyo na madoido, na nakshi awaachie wenye harusi.

Mwangalie sana anayepima kidani pamoja na mawe yake. Vioo vyekundu na kijani vina uzito, nawe utavilipia bei ya dhahabu. Oktoba 2025 wakia moja ya gramu 31.1 ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia; kwa bei hiyo nusu gramu ya dhahabu safi ni zaidi ya dola 60. Ndiyo maana stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani si ya kupuuzwa.

Mawe nayo yana mambo yake, hasa tanzanaiti. Inachimbwa Mererani tu, mkoani Manyara, ilikogunduliwa mwaka 1967. Jina hilo lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka uliofuata. Vito vingi vya buluu vimepitishwa kwenye moto ili vikolee rangi, na hilo si utapeli. Udhaifu wake ni ugumu mdogo: 6 hadi 7 katika kipimo ambacho almasi ina 10. Chembe za mchanga zilizomo kwenye vumbi letu zina ugumu wa 7, kwa hiyo pete ya tanzanaiti inayovaliwa kila siku itachubuka. Inafaa zaidi kwa hereni au kidani, na ukiisafisha usiifute vumbi ikiwa kavu. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini.

Dhahabu nayo ina adui ambaye wengi hawamjui: mkorogo. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki, na zebaki hushikamana na dhahabu kama inavyofanya machimboni. Pete hugeuka nyeupe na kuwa dhaifu. Krimu hizo zinaumiza figo pia, lakini naona pete ndiyo huwashtua watu haraka zaidi. Jiki vilevile hula ile shaba iliyochanganywa, hivyo vua pete kabla ya kufua.

Mkufu ukikatika, upimwe kabla ya kuuacha kwa fundi na upimwe tena unapouchukua. Lehemu mara nyingi ni ya karati ndogo, na unga unaodondoka kwenye tupa hubaki mezani kwake. Na unaponunua, usiondoke bila risiti iliyoandikwa uzito, karati, ujira na jina la duka. Bila hiyo, siku ya kuuza, sonara mwingine atakupangia karati anayoitaka yeye.