Mzee akishindwa kukojoa msikae naye ndani

Wazee wetu wengi huona haya kusema kuwa mkojo unawasumbua. Mzee anaamka mara nne usiku, anajikamua, unatoka matone. Udhu unamtia wasiwasi, mwishowe anaacha kwenda msikitini. Nyumbani tunasema ni uzee. Huo ni ugonjwa, na una tiba.

Kwa wanaume waliopita miaka 50, sababu kubwa ni kukua kwa tezi dume, inayouzunguka mrija wa mkojo chini ya kibofu. Nyingine ni mawe, kovu lililoachwa na kisonono au ajali, saratani, na kichocho. Wanawake nao huzibwa na mawe, uvimbe wa kizazi au saratani ya shingo ya kizazi.

Hospitalini daktari atabonyeza tumbo na kupima tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Mzee asikatae, hiyo ni dharura ya tiba na huchukua muda mfupi. Kisha hupimwa mkojo, damu ya kuangalia figo, na ultrasaundi.

Mkojo ukiziba kabisa, tumbo la chini likajaa na kuuma, msimnyweshe maji mengi wala mizizi ya "kufungua mkojo". Kibofu huzidi kujaa, na figo huweza kuharibika. Mpelekeni usiku huo huo. Atawekewa mpira, na nafuu huja papo hapo. Mwenye dalili hizi akipata homa na kutetemeka, naye asisubiri asubuhi.

Baada ya hapo hutibiwa chanzo. Kwa tezi, tamsulosini hulegeza njia na huanza kusaidia ndani ya siku chache. Finasteraidi hupunguza tezi, lakini huhitaji miezi kama sita. Zikishindwa, hufanyika operesheni. Mzee asinunue dawa za mafua bila kuuliza, baadhi huzibisha mkojo.

Mwenye mpira asiache sala. Katika madhehebu ya Shafi, anayetokwa na mkojo mfululizo hujisafisha na kutia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kuumwaga.

Muulize baba yako leo, kwa faragha: "Unakojoa vizuri?" Allah awape wazee wetu afya. Amin.